Vitunguu Vilivyopigwa Muhuri

Hapa Elbląg, Ludka ana majina mawili. Wazee wachache wenye makoti ya ngozi yaliyopasuka viwiko humwita Pokrzywa, yaani upupu, jina alilojipa mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, alipokuwa akiimba muziki wa panki kwa sauti ya kukwaruza kama mlango wa ghala. Wengine wote wanamjua kama mama dereva wa tramu, yule anayemsubiri bibi aliyechelewa kituoni na kumfokea kijana anayeweka miguu kitini. Ukimwuliza yeye hasa ni yupi kati ya hao wawili, atakwambia ushuke kituo kinachofuata.

Ameimba nyimbo nyingi, na ametoa vitabu viwili vya mashairi, vyembamba lakini vipo. Ila kulikuwa na wimbo mmoja aliokataa kuuimba kwa miaka ishirini na mitano, na aliyekuwa akiusubiri ni baba yake mzazi.

Baba yake, Hieronim, alikuwa fundi wa kusubu chuma kiwandani. Mama alifariki Ludka akiwa na miaka kumi, wakabaki wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Mzee hakuwa mkali wala mlevi. Alikuwa bubu wa kujitakia. Akirudi kazini alikula, akapanda baiskeli, akaenda bustanini. Kiwanda kiliwagawia wafanyakazi vijibustani nje ya mji, kila mtu na kibanda chake cha mbao na uzio wake wa waya, na Hieronim alikuwa na namba arobaini na moja. Huko alipanda vitunguu, karoti, viazi mbatata na maua ya kumpelekea marehemu makaburini. Ludka alimfuata kila Jumamosi, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akahesabu nyigu.

Jambo moja halikumtoka Ludka moyoni. Desemba ya mwaka sabini, akiwa na miaka minane, bei ya chakula ilipanda ghafla, wafanyakazi wakaingia barabarani, na risasi zikalia mjini. Jioni ile baba alirudi nyumbani bila kofia. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akakaa mezani, akala viazi, akalala. Kesho yake akaenda kazini. Mwaka ukapita, miaka ikapita, mzee hakutamka neno hata moja kuhusu siku ile. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wa Hieronim haukuja. Badala yake alikuja Ludka.

Jeshi liliposhika hatamu za nchi, Ludka alikuwa amemaliza shule na hana la kufanya ila hasira. Akakutana na Kajetan, mpiga ngoma aliyekuwa akipiga makopo ya rangi kabla hajapata ngoma za kweli, na wavulana wengine wawili. Wakaunda bendi, wakaiita Vichwa vya Kabichi. Ludka alizisimamisha nywele zake kwa maji ya sukari mpaka zikawa kama miiba ya nungunungu. Sukari siku hizo iliuzwa kwa kadi za mgao, na Hieronim alikuwa akiitunza kwa ajili ya jamu.

“Sukari yangu inakwenda wapi?” aliuliza siku moja.

“Iko kichwani, baba.”

Mzee alimtazama kwa utulivu. “Basi ukija bustanini jifunge kitambaa. Nyigu hawajui siasa.”

Hiyo ndiyo hotuba ndefu aliyompa mwaka ule mzima.

Sasa, kuimba kulikuwa na utaratibu wake. Huwezi kupanda jukwaani, hata jukwaa la shule, mpaka maneno ya nyimbo zako yapigwe chapa, yapelekwe ofisi ya ukaguzi na kugongwa muhuri. Bila muhuri hakuna ukumbi. Bendi zote zilijua dawa yake: unapeleka maneno ya upole, unapata muhuri, kisha jukwaani unaimba yako. Spika mbovu zilisaidia, maana mkaguzi aliyekaa kwenye mkahawa wa ukumbi akinywa chai hakuweza kutofautisha neno na kikohozi.

“Andika chochote,” Kajetan alimwambia. “Andika viatu. Andika supu.”

“Supu ya nani?”

“Upupu, usinitie wazimu. Nyimbo kumi na mbili, mpaka Alhamisi. Viwe vitu ambavyo hata askofu na katibu wa chama wakikaa benchi moja watavipenda.”

Ludka alikaa jikoni jioni mbili, akaandika kumi na mbili zote kuhusu vitunguu, karoti na bustani ya baba yake. Hakufuta neno. Aliandika kama mtu anayejaza fomu. Walipopata muhuri, bendi nzima ilikaa chini ya ngazi wakila matango ya kuchachua kutoka kwenye chupa, wakala na kiapo: neno lililopigwa muhuri haliimbwi. Milele. Ludka ndiye aliyekitunga kiapo hicho, na kwake hakikuwa mchezo. Neno likishapita chini ya muhuri, alisema, limeshalala na adui.

Asilolijua ni kwamba muhuri wenyewe ulikuwa mikononi mwa Bi Teodozja, mama mmoja mnene mwenye mkoba mweusi, na kwamba Bi Teodozja alikuwa na bustani namba arobaini na mbili. Jumamosi iliyofuata mama huyo alisimama kwenye uzio wa waya, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akamkabidhi Hieronim nakala kumi na mbili.

“Si ruhusa kuzitoa,” alisema. “Lakini hii si siasa, jirani. Hii ni wewe mtupu.”

Hieronim alivaa miwani. Alisoma akiwa amesimama, kisha akageuza ndoo, akakaa, akasoma tena. Shairi la kwanza lilikwenda hivi:

*Dole moja ardhini, ncha ibaki nje,*
*kitunguu hakipendi kuzikwa.*
*Karoti, kaa hapa, umfukuzie nzi wake,*
*naye akufukuzie wako.*
*Baba hapigi goti kanisani,*
*ila kitunguu akikiona, hupiga.*

Karatasi zile aliziweka kwenye kopo la mbegu kibandani. Lakini kuweka si kunyamaza. Yule bubu alianza kusema! Pale kwenye pampu ya maji, wanaume wakisubiri zamu, Hieronim aliwasomea ubeti wa karoti bila karatasi. “Ni binti yangu,” aliwaambia. “Ananiimba.” Wakamtania wiki nzima, wakamwita Mfalme wa Vitunguu, naye akacheka nao.

Kisha akamwambia binti mwenyewe, jikoni, akimenya viazi. “Nimesikia unaniandika.”

Ludka aliposikia hivyo, kijiko kilimponyoka. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa ile. Angesema: baba, nilikuwa naizuga ofisi, vitunguu ni changa la macho tu. Lakini mzee alikuwa na uso wa furaha ambao hajawahi kumwona nao tangu mama azikwe.

“Kidogo tu, baba.”

“Mtakapoimba ukumbini, nitakuja.”

Na kweli alikuja. Ilikuwa Mei, saa kumi alasiri, Nyumba ya Utamaduni, ukumbi umejaa vijana wenye pini masikioni. Safu ya mbele kabisa, kwenye viti viwili ambavyo hakuna aliyethubutu kuvigusa, walikaa Hieronim akiwa na shati jeupe na fungu la maua ya tulipu ya bustanini, na kando yake Bi Teodozja na mkoba wake mapajani.

Ludka alichungulia nyuma ya pazia, akarudi amebadilika rangi. “Kajetan, baba yangu amekuja.”

“Vizuri. Mpe soda.”

“Anasubiri vitunguu. Na yule aliyekaa naye ni jirani yake wa bustani.”

Kajetan naye akachungulia. “Mama wee! Jirani gani? Yule wa ofisi ya ukaguzi, muhuri wenyewe umevaa sketi.”

“Tuimbe kimoja. Cha kwanza tu. Kwa ajili yake.”

“Nani alisema neno lililopigwa muhuri haliimbwi? Mimi? Mimi nilikuwa nala matango. Ni wewe uliyetuapisha. Halafu sikia wale watoto.” Ukumbi ulikuwa unapiga miguu sakafuni, ukiuita wimbo mmoja, ule uliokuwa umeshasambaa mjini kwa mdomo. “Spika zenyewe zimekufa, Upupu. Hata mimi niliyekaa nyuma yako sijawahi kukusikia unaimba nini. Twende.”

Wakaenda. Ludka alisimama mita tatu kutoka kwa tulipu za baba yake, akafumba macho, akaimba:

*Baba alirudi bila kofia,*
*baba alinawa, baba akala.*
*Mjini risasi, mezani viazi,*
*baba alinyamaza, baba akalala.*

Vijana waliruka mpaka chokaa ikadondoka darini. Ludka alipofumbua macho, Hieronim alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha. Ziliimbwa nyimbo kumi na mbili, na hakukuwa na kitunguu hata kimoja.

Baada ya yote mzee alimngoja mlangoni. Akampa maua. “Na vitunguu?” aliuliza.

“Muda uliisha, baba.”

“Basi siku nyingine.”

Bi Teodozja akamshika Ludka mkono. “Hongera, mwanangu. Sauti unayo.” Wiki iliyofuata bendi ilipeleka maneno mengine, muhuri ukagongwa kama kawaida, na Ludka akajiridhisha kwamba spika zilimwokoa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Ludka ilikwenda robo karne.

Mengine yaliyompata ni ya kawaida, na yeye mwenyewe huyasimulia haraka. Bendi ilirekodi kaseti moja ndani ya gereji. Iliimba kwenye tamasha kubwa la kiangazi, kwenye tope la magotini, na kwa siku mbili Ludka alikuwa mtu maarufu. Utawala ukabadilika, ofisi ya ukaguzi ikafungwa, na ghafla mtu aliweza kuimba lolote na hakuna aliyejali. Hilo liliwaua Vichwa vya Kabichi kuliko muhuri wowote. Kajetan akaenda Ujerumani kubandika vigae. Ludka akasomea udereva wa tramu, akaolewa, wakaachana bila kugombania hata sufuria. Mashairi aliendelea kuandika, ya hasira, akiyanakili mwisho wa njia ambako dereva hupata dakika tisa za kupumzika. Kitabu cha kwanza kilichapishwa nakala mia tatu. Mia moja na zaidi ziko chini ya kitanda chake mpaka leo.

Na kila tarehe thelathini Septemba, siku ya Mtakatifu Hieronim, walikutana bustanini kusherehekea jina la mzee, maana kwetu siku ya jina la mtu ina uzito kuliko siku aliyozaliwa. Kulikuwa na keki ya plamu, chai kwenye glasi, na majirani waliopita kumpa mkono. Wageni wakishaondoka, Hieronim alifuta makombo mezani na kuuliza, “Je, mwaka huu?”

Mwaka mmoja koo lilikuwa linauma. Mwaka mwingine hakukuwa na gitaa. Mara mvua. Mara, “Baba, nimechoka, nimeendesha tangu alfajiri.” Mzee hakulalamika hata siku moja. “Basi mwakani,” alisema, akakata keki nyingine.

Ludka alijiambia ni kiapo. Mtu lazima awe na jambo moja maishani ambalo hajaliuza, na lake ni hilo. Ndivyo alivyojiambia. Lakini nafsi haidanganyiki kirahisi hivyo. Ilikuwa aibu. Angewezaje kumwimbia baba yake machoni maneno aliyoyaandika kama mtu anayejaza fomu?

Mwaka ule mzee alipofikisha sabini na mitano, Ludka alimpeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alimweleza Ludka pembeni: sikio la kushoto lilikwisha zamani, kelele za kiwandani zililimaliza. La kulia linafuata. “Mwambie unachotaka kumwambia kabla ya majira ya baridi,” alisema, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Jioni hiyo Ludka alimpigia simu Kajetan. Akamweleza yote, mpaka kiapo.

“Kiapo gani?” Kajetan aliuliza.

“Chini ya ngazi. Neno lililopigwa muhuri.”

Kajetan alifikiri. “Nakumbuka matango. Yalikuwa matamu kweli, yale. Kiapo sikikumbuki. Upupu, umekaa nacho peke yako miaka yote hii?”

Ludka alikata simu bila kuaga, akabaki amekaa jikoni. Kumbe hakukuwa na aliyekuwa akimzuia ila yeye mwenyewe.

Tarehe thelathini ilikuwa siku ya jua hafifu. Vitunguu vilikuwa vimeshasukwa mikufu, vinaning'inia mbele ya kibanda. Majirani walikuja, wakapaza sauti kumpongeza mzee, wakala, wakarudi kwenye bustani zao kung'oa viazi. Bi Teodozja hakuwapo, alishatangulia mbele ya haki miaka sita nyuma, na namba arobaini na mbili ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyepanda nyasi tupu.

Hieronim akafuta makombo. “Je, mwaka huu?”

Mficha uchi hazai. Ludka alivuta kiti mpaka upande wa sikio la kulia. “Baba, nina neno kwanza. Yale mashairi ya vitunguu.”

“Ndiyo.”

“Sikuyaandika kwa mapenzi. Niliyaandika kuizuga ofisi. Nilitaka muhuri tu. Hata sikuyasoma mara ya pili.” Sauti ilimtetemeka, yeye aliyewahi kuwafokea watu elfu kumi kwenye tope. “Umekaa unajivunia uongo, baba. Nisamehe.”

Mzee alikata kipande cha keki, akakiweka kwenye sahani yake. “Najua,” alisema.

“Unajua nini?”

“Teodozja aliniambia siku ile ile, tukirudi kwa miguu. Alisema, jirani, nimesikiliza nyimbo kumi na mbili na hakuna hata mmoja niliougonga muhuri.”

“Na hakutushtaki?”

“Alisema ule wa kofia ungemfukuzisha kazi kama angeusikia. Kwa hiyo hakuusikia.” Hieronim alimtazama binti yake. “Mimi niliusikia. Spika zilikuwa mbovu, lakini mimi nilishazoea kusikiliza watu katikati ya mitambo.”

Bustani ya pili mtu alikuwa akikwangua jembe.

“Kofia nilimwachia mtu,” mzee aliendelea, taratibu, kama anayesoma herufi ndogo. “Alikuwa amelala barabarani, karibu na daraja. Kijana. Macho wazi. Nikamfunika uso kwa kofia, basi. Sikumjua jina. Nilikuwa na mtoto nyumbani na mke mgonjwa, nikarudi. Ningesema nini? Ukauimba wewe. Nikasema moyoni, haya, angalau mmoja wetu amesema.”

“Mbona hukuniambia, baba? Miaka yote?”

“Mbona wewe hukuniambia?”

Wakatazamana. Ludka alikuwa analia na hakujificha, na mzee alimsogezea kitambaa cha kufutia glasi.

“Halafu hayo ya uongo,” alisema Hieronim. “Mtu akidanganya haraka, hushika kilicho karibu na mkono. Dole moja ardhini, ncha ibaki nje. Karoti kando, kwa ajili ya nzi. Nani alikufundisha? Si mimi. Mimi nilikuwa sisemi. Nilidhani unahesabu nyigu tu pale kwenye ndoo.” Akasukuma sahani pembeni. “Nyimbo zangu ni mbili. Wa kofia nimeshausikia. Wa vitunguu bado. Haya.”

Ludka alisimama. Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Alianza kwa sauti ya chini, kama inavyostahili wimbo wa bustani, na mzee akatega kiganja sikioni, akatikisa kichwa: hasikii.

Basi akauimba anavyojua yeye. Alipanua miguu kwenye njia ya kokoto, akaitoa ile sauti ya mlango wa ghala, yote, ikiwa na miaka arobaini na saba na moshi wa sigara ndani yake. Mwalimu wa namba arobaini na mbili aliangusha ndoo. Bustani tatu mbele watu waliinuka na majembe mikononi kutazama nani anachinjwa. Kama kuna mtu aliyezaliwa kumwimbia kiziwi, ni yeye. Aliimba dole, akaimba ncha, akaimba karoti na nzi wake na nzi wa mwenzake, akamaliza hapo.

Hieronim alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti.

“Umeruka magoti,” alisema.

“Nini, baba?”

“Baba hapigi goti kanisani, ila kitunguu akikiona, hupiga. Mistari ya mwisho hiyo. Umeiruka.” Akamwongezea chai kwenye glasi, akaisogeza mbele yake. “Kunywa kwanza. Kisha anza mwanzo.”

Ludka alikunywa, akajifuta midomo kwa mkono, akaanza mwanzo.